Nafasi ya Saa Tano

Jyrki aliinua vidole vitatu upande wa pili wa kioo, akakunja kimoja, akakunja cha pili, halafu taa nyekundu ikawaka juu ya mlango na mimi sauti ikanikauka. Karatasi nilikuwa nayo mkononi. Maneno yenyewe yalikuwa machache, tena nilikuwa nimeyaandika mwenyewe. Lakini la kwanza lilikuwa "Baba", na kila nilipolifungulia mdomo nililimeza.

"Tena," Jyrki alisema kupitia spika. Alikuwa fundi wetu wa kurekodi, mwanamume mrefu, mpole, aliyevaa sweta alizofumiwa na mama yake. "Usimsomee, Outi. Mwambie tu."

"Nimwambie akiwa wapi?"

Jyrki alirudisha kanda nyuma, akainua tena vidole vitatu.

Ilikuwa Februari, mwaka elfu moja mia tisa tisini na tatu, katika chumba cha chini ya ardhi mjini Helsinki, nami nilikuwa sijamaliza hata miezi miwili kazini. Majira yale ya baridi nchi nzima ilikuwa imekunja mabega. Winchi za majengo zilisimama juu ya mji bila kugeuka, theluji imezigandia mikononi. Kampuni iliyoniajiri ilikuwa kwanza imepunguza nusu ya watu wake, ndipo ikanichukua mimi, kwa kuwa msichana aliyetoka chuoni hana cha kudai. Kwenye meza niliyopewa nilikuta kikombe kilichoandikwa Pirkko. Sikuwahi kumjua Pirkko. Nilikiosha, nikakirudisha palepale, na sikuthubutu kukinywea.

Tulikuwa tukipanga na kuuza matangazo ya biashara kwa niaba ya redio ndogondogo za kaskazini. Kwa maneno ya mtu wa kawaida, kazi yangu ilikuwa kuamua nani asikike saa ngapi. Miaka ya neema, niliambiwa, nafasi ziligombaniwa. Wenye maduka walitumana maua na chupa ili wapate sekunde thelathini kabla ya habari. Mimi nilikuta ratiba zenye matundu. Maduka yalikuwa yamefungwa, na wenye maduka walikuwa wamenyamaza. Kila asubuhi nilikaa mbele ya skrini ya kijani nikiziba matundu hayo kwa matangazo ya usalama barabarani na nyimbo fupi za kituo chenyewe, ili msikilizaji asije akasikia ukimya.

Aliyenifundisha alikuwa Marketta Lindroos, mkuu wa kitengo, mwanamke wa miaka hamsini na kitu mwenye sauti ya moshi na miwani iliyoning'inia kifuani. Hakuwa na subira na mtu. Nikimpelekea mpango wowote, hata wa duka la viatu, aliniuliza maswali yale yale bila kuinua macho: "Unasema na nani? Yuko wapi? Mikono yake inafanya nini anapokusikia? Na akishakusikia, unataka afanye nini?" Nikikosa jibu moja, karatasi ilirudi kwangu ikiteleza juu ya meza.

Usiku niliota maswali hayo. Kisha, katikati ya Januari, yakaacha kuwa ya viatu.

Baba yangu, Taisto, alikuwa na karakana ya madirisha huko Heinola. Aliianzisha kabla sijazaliwa. Nyumba zilipoacha kujengwa, madirisha aliyokwisha kuyatengeneza yalibaki yameegemea ukuta, mengine yana vioo tayari, yakiangalia ndani ya karakana. Vuli ikaja na watu wa kuchukua mashine kwa ajili ya deni. Nilikuwapo siku hiyo. Baba aliwasaidia kupakia. Aliwaonyesha mahali pa kushika ile mashine kubwa ya randa isije ikawaumiza migongo, akafunga kamba mwenyewe, akalipungia mkono lori lilipoondoka. Mama alikuwa dirishani jikoni amejiziba mdomo.

Jumatatu ile ya Januari alimwambia mama kwamba anakwenda kupima dirisha la mtu. Mama alifurahi. Kuna mtu anataka dirisha! Baba akachukua futi, akaweka penseli sikioni, akawasha gari lake la mizigo, akaenda. Hakurudi jioni. Hakurudi kesho yake. Siku ya tatu mama alipiga simu ofisini.

"Outi," alisema. "Nimefungua kabati la chini. Bunduki haipo."

Ni bunduki ya kuwindia paa wakubwa wa msituni. Nusu ya wanaume wa Heinola wanayo. Lakini majira yale kila mmoja wetu alikuwa na jirani, au binamu, au mwalimu wa zamani, aliyekwenda msituni au kwenye banda la mashua na hakurudi kwa miguu yake. Magazeti hayakuandika. Watu waliinamisha vichwa tu, wakawaletea wafiwa keki.

Polisi alikuwa mtu mwema, na wema wake ulinikatisha tamaa kuliko ukali. Alisema mtu mzima ana haki ya kuondoka. Nikamwambia kuhusu bunduki. Akasema kibali anacho. Baadaye binamu wa mama akasema ameliona gari la baba kwenye kituo cha mafuta huko Kajaani, likielekea kaskazini. Basi. Baada ya Kajaani kuna misitu, na baada ya misitu kuna misitu mingine.

Nikawa nakwenda kazini kwa sababu nyumbani kwangu kulikuwa na simu, na ofisini pia kulikuwa na simu, na angalau ofisini kulikuwa na watu. Nilikaa mbele ya skrini nikiziba matundu. Kuusamo, tundu. Kemijärvi, tundu. Sodankylä, matundu matatu kabla ya adhuhuri. Siku moja mikono ikasimama juu ya vitufe. Huko juu, mahali fulani katika miji ile niliyokuwa nikiijua kwa majina na saa tu, alikuwapo baba, kama bado alikuwapo. Na mimi nilikuwa nimeshika hewa yake.

Mama aliandika maneno mwenyewe, akanisomea kwenye simu: Taisto, rudi nyumbani, yote yamesamehewa, wako Raili. Niliyapiga chapa, nikaweka na mpango: vituo vyote, kila saa, wiki nzima. Nikampelekea Marketta.

Alisoma. Akavaa miwani akasoma tena.

"Hewa hii si yetu," alisema. "Tunauza ya watu."

"Ni matundu tu. Naweka nyimbo za kituo humo."

"Ninajua unachoweka humo." Akaisukuma karatasi, nayo ikanirudia ikiteleza kama zote. Nilikuwa nimeshafika mlangoni aliposema, "Yamesamehewa nini?"

Nikageuka.

"Huyu mtu kafilisika. Hakuua mtu. Ukimwambia amesamehewa, unamwambia alikosa." Aliwasha sigara. "Rudi ukae. Unasema na nani?"

"Na baba."

"Hapana. Hapa unasema na mji mzima, baba yako anasikia kwa bahati tu. Jina lake kila saa! Kila mtu atakayemwona na lile gari atajua. Ungekuwa wewe, ungefanyaje? Ungezidi kuingia msituni. Yeye husikiliza redio gani?"

"Ya taifa. Hali ya hewa ya baharini. Hana mashua, anaipenda tu."

"Redio ya taifa haiuzi tangazo. Kwa hiyo kwenye redio yake humpati." Alifikiri huku akitoa moshi puani. "Utampata kwenye redio ya mtu mwingine. Anakunywa kahawa?"

"Nani hanywi?"

"Basi yuko kwenye mkahawa wa kituo cha mafuta, na redio inachaguliwa na mama wa kaunta. Saa ngapi?"

Nikasema adhuhuri, wakati wa chakula. Marketta akatikisa kichwa, na kwa mara ya kwanza sauti yake ikapungua. "Adhuhuri wanakuja wenye kazi. Asiye na kazi anakunywa kahawa yake saa tano, ameondoka kabla hawajafika. Nimeishi na mmoja. Weka kabla ya hali ya hewa ya saa tano. Mara moja kwa siku, na vituo vya juu tu. Na sasa niambie la mwisho."

La mwisho lilikuwa: unataka afanye nini. Nilifungua mdomo kusema arudi nyumbani, na nikaona kwamba si kweli. Nilitaka asiingie msituni leo. Na kesho asiingie. Nilitaka apate sababu ndogo ya kuamka, yenye ukubwa wa mikono yake.

Ndipo nikaandika yale niliyoshindwa kuyasema mbele ya taa nyekundu, mpaka Jyrki alipozima taa zote za chumba, akanigeuzia mgongo, akasema hasikilizi. Kanda ilipelekwa kaskazini kwa basi la vifurushi. Nayakumbuka neno kwa neno:

"Baba, ni mimi. Dirisha la chumba changu halifungi vizuri, baridi inaingia. Huku sina ninayemwamini. Ukipata nafasi uje na vifaa vyako. Hakuna haraka."

Halafu namba ya simu ya mezani kwangu. Jina sikutaja, lake wala langu.

Siku ya kwanza simu haikulia. Nilikwenda msalani mbio, nikarudi mbio. Siku ya pili, kabla hali ya hewa haijaisha kusomwa, ikalia, nikaiangusha, nikaiokota.

"Binti," ilisema sauti ya mzee, "mimi si baba yako. Lakini randa ninayo."

Alikuwa anapiga kutoka Kuusamo. Alitaka kujua ni fremu ya msonobari au ya nini, na kama maji yanaingia pia. Nilijibu. Alinieleza jinsi ya kuweka kabari chini ya bawaba, taratibu, kama mtu anayekula kitamu. Alikuwa hajashika kazi tangu kiangazi cha mwaka wa juzi. Alipokata, simu ikalia tena.

Waliendelea kupiga wiki hiyo yote. Nilikuwa nimesema "Baba", na kaskazini yote ilijaa akina baba. Mafundi wa madirisha, mafundi wa paa, dereva wa winchi, mmoja aliyekuwa mwalimu wa useremala mpaka shule ikafungwa. Wengine walisema wanaweza kuja Helsinki nikiwalipia basi. Wengine walisema watakuja hata nisipowalipia. Mmoja hakusema kitu kwa muda, nikadhani ni yeye, nikaita, "Baba? Baba?" Yule mtu akasema, "Nina mtoto wa kike huko Sweden. Labda naye ana dirisha." Akaanza kulia, nami nikalia, na Marketta akapita nyuma yangu, akafunga mlango.

Jioni mama alipiga. "Amepiga?"

"Bado."

"Waliopiga ni wangapi?"

"Wengi, mama."

"Wengi," alirudia, kana kwamba huo ulikuwa ukatili nilioutunga mimi.

Niliacha kula. Nilikuwa nimeandaa tangazo lililowagusa wote isipokuwa mmoja, na kila simu ya mtu mwingine ilizidi kunishawishi kwamba baba hayupo tena wa kupiga. Akili ilianza kuniambia hivyo ninapopiga mswaki, ninapofunga viatu. Jumanne ya wiki iliyofuata Marketta akaniambia kiwanda kimoja cha soseji kimenunua nafasi zote za saa tano kuanzia Ijumaa. Hakuniomba radhi, wala sikutaka aniombe. Hiyo ndiyo iliyokuwa mishahara yetu.

"Alhamisi ndiyo mwisho," alisema.

Siku hiyo hiyo, alasiri, akapiga mwanamke. Sauti yake ilikuwa na kelele za vyombo nyuma.

"Mwanangu, mimi naitwa Aune, nina mkahawa wa kituo cha mafuta, ukipita Sodankylä. Nadhani baba yako ninaye hapa."

Nilishika ukingo wa meza.

"Nina akina baba wengi," aliendelea, "wanakaa, wanazungusha vikombe. Lakini huyu mmoja, tangazo lako likianza, anaacha kutafuna. Haangalii juu. Anaacha tu kutafuna mpaka liishe. Na jana amenitengenezea mlango wa jikoni bila kuambiwa. Ulikuwa unakwaruza miaka saba."

"Amesema jina lake?"

"Sijamuuliza, na sitamuuliza. Akijua nimekupigia ataondoka. Wewe njoo."

Nilitaka kumpigia mama, nikaweka simu chini. Kama yule mtu si baba, ningekuwa nimemuua mama mara ya pili. Kesho yake, kabla sijaenda stesheni, nilifanya badiliko moja dogo katika ratiba ya Alhamisi, nikapiga simu vituoni kuhakikisha wameliona. Kisha nikapanda treni ya jioni.

Basi la kutoka Rovaniemi liliniacha barabarani mbele ya pampu mbili za mafuta. Gari la baba lilikuwa uani, limefunikwa theluji hadi kwenye vioo, isipokuwa mlango wa dereva. Nilisimama hapo. Nilikuwa nimejiandaa kwa kila kitu, isipokuwa mlango wa gari uliofutwa theluji asubuhi ile.

Ndani, baba alikuwa amekaa chini ya spika, mgongo kwa mlango. Alikuwa amekonda, nywele zimefika kwenye kola. Niliketi mbele yake.

"Umekula?" alisema.

"Bado."

"Kula. Leo Alhamisi, siku ya supu ya njegere."

Aune alileta supu na mkate bila kuulizwa, akaondoka akiwa ametazama pembeni. Nilishika kijiko. Sikuwa nimepanga kuanza hivyo, lakini nilisema, "Bunduki iko wapi?"

"Niliiuza Kajaani." Alizungusha kikombe chake. "Sikutaka kulala nayo garini."

Hatukulizungumza tena jambo hilo, siku ile wala baadaye.

"Mbona hukupiga simu, baba?"

"Niliishika. Siku nyingi niliishika." Akaelekeza kidevu ukutani, palipokuwa na simu ya sarafu. "Dirisha ningelitengeneza. Lakini baada ya dirisha mngeuliza na mengine."

"Dirisha halina tatizo."

"Najua. Nililikagua siku niliyokuhamishia mizigo."

Hakuondoka nami. Hilo watu huwa hawalitegemei ninapowasimulia. Alipiga simu kwa mama nikiwa nimesimama kando, akasema "Ni mimi," kisha akasikiliza, akasikiliza, akasema "Ndiyo," sarafu zikaisha. Alibaki kwa Aune mpaka mwisho wa Machi akitengeneza vibanda vya wageni. Alirudi Heinola barabara zilipokauka, na mama akamwekea sahani bila kumuuliza lolote. Alimuuliza baadaye, kwa miaka, kidogo kidogo. Karakana hakuwa nayo tena. Alirekebisha madirisha ya watu kwa mkono, na alikufa kitandani mwake, mzee, akilalamika kuhusu mto. Mimi nilibaki katika kazi hii. Nimepanga matangazo ya magari, ya benki, ya chakula cha paka. Wale wazee wengine sikuwatafuta tena, kwa kuwa sikuwa na cha kuwapa. Na kila jina la mji wao linapopita kwenye ratiba, najiuliza wangapi walirudi nyumbani.

Lakini kila ninapokumbuka siku ile, sikumbuki simu wala safari. Nakumbuka kwamba nilikuwa nimefika nusu ya supu yangu mtangazaji aliposema inakaribia saa tano. Sauti yangu ikatoka juu ya vichwa vyetu, nyembamba, ya msichana nisiyemjua vizuri. Baba, ni mimi. Wanaume watatu wa meza ya pili walitazama vikombe vyao. Baba aliacha kutafuna. Nami niliacha. Tulikaa hivyo, wawili, tukingoja niache kuzungumza.

Tangazo liliposema hakuna haraka, ukafuata wimbo wa kituo, mwepesi, wa kinanda. Baba aliinua kichwa kuelekea spika, amekunja uso.

"Leo matairi hayakuja," alisema.

Siku zote, mara baada ya tangazo langu, lilifuata la matairi ya theluji: breki zinapiga kelele ndefu, kioo kinavunjika, kisha mwanamume anauliza kama umechelewa.

"Niliyahamisha," nikasema. "Leo yatasikika jioni."

"Kumbe unaweza?"

"Ndiyo kazi yangu."

Alilifikiria jambo hilo. Alikata kipande cha mkate, akafuta nacho bakuli lake pole pole kwa kuzunguka ukingo. "Kwa nini uliyahamisha?"

"Ile sauti. Sikutaka uisikie baada ya yangu."

Mtangazaji alianza kusoma hali ya hewa. Theluji kusini, kaskazini baridi kavu, upepo mdogo.

"Hata mimi sikuipenda," baba alisema, akanisogezea siagi.